Hotelini Kiswahili kimeachiwa mlinzi wa getini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze niliyoyaona katika siku chache tulizokaa, mimi na mke wangu, katika hoteli moja ya nyota tano katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Jina la hoteli sitalitaja. Wafanyakazi wake walitutendea wema na nisingependa mmoja wao aitwe ofisini kwa ajili ya barua hii. Tena, tuliporudi nyumbani niliwauliza jamaa waliowahi kulala katika hoteli nyingine za daraja hilo, nao wakanieleza mambo yaleyale, kiasi kwamba kuitaja moja kungekuwa ni kuzisamehe nyingine bila sababu.

Mimi ni mstaafu wa reli. Niliajiriwa mwaka 1979, miaka miwili baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika na nchi yetu kubaki na shirika lake la reli, nikafanya kazi katika stesheni kadhaa za Reli ya Kati hadi nilipostaafu nikiwa stesheni masta. Nayasema haya ili msomaji asidhani kwamba anayelalamika hapa ni mtu aliyeshindwa Kiingereza. Vitabu vya kanuni za uendeshaji wa treni tulivyosomeshwa vilikuwa vya Kiingereza, na mitihani yake niliifanya kwa Kiingereza. Asiyeijua lugha hiyo ni mke wangu. Yeye amefanya biashara ya karanga na mafuta ya alizeti kwa zaidi ya miaka thelathini, anasema Kigogo na Kiswahili, hesabu anazipiga kichwani kabla mimi sijatafuta kalamu, na katika biashara hiyo amefika Singida, Morogoro, Tanga na Mbeya bila kukwama popote kwa kukosa lugha. Alikuja kukwama hotelini.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya watoto. Mwaka 2025 tulitimiza miaka arobaini ya ndoa, nao wakachangishana, wakatulipia kulala siku mbili kwa bei ambayo hadi leo hawataki kututajia, wakatukatia na tiketi za treni ya SGR kutoka Dodoma. Kwa mtu aliyeishi na reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, ambayo kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ulikuwa unalala njiani na kuamka ungali njiani, safari hiyo peke yake ingetosha kuwa zawadi, lakini si niliyokusudia kuieleza leo. Nitaje jambo moja tu, ambalo namwomba msomaji aliweke akilini: ndani ya treni hiyo ya kisasa matangazo yalitolewa kwa Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza, na sikumwona Mzungu hata mmoja aliyekunja uso kwa sababu ya kungojea zamu yake.

Kutoka stesheni tulichukua bajaji, kwa kuwa mke wangu hapendi kulipa bei ya teksi kwa mwendo mfupi. Getini tukasimamishwa.

"Mnakwenda wapi?" mlinzi akauliza.

Nikamjibu kwamba tunakwenda hotelini.

"Hapa ndipo hotelini, mzee. Nauliza mnamfuata nani?"

Nikamwambia hatumfuati mtu, tumekuja kulala. Akamtazama mke wangu, akautazama mfuko wetu wa safari, akaingia kibandani kupiga simu, kisha akarudi na kutueleza, kwa adabu ya kutosha, kwamba tunaruhusiwa kuingia ila bajaji haziruhusiwi kupanda hadi mlangoni. Tukateremka, tukabeba mizigo yetu, tukaupanda mteremko ule kwa miguu huku magari yakitupita. Simlaumu kijana huyo, anafanya alichoagizwa. Namtaja kwa sababu ndiye mfanyakazi pekee wa hoteli ile aliyetuanza kwa Kiswahili.

Mlangoni mambo yakageuka. Kijana mmoja aliyevaa kanzu nyeupe yenye nakshi shingoni akatukimbilia kupokea mizigo, binti akatuletea vitaulo vya baridi vilivyoviringishwa na glasi mbili za juisi ya rosela, na wote wawili, kwa tabasamu lisilo na unafiki wowote, wakatukaribisha kwa Kiingereza. Nikaitikia kwa Kiswahili. Wakaendelea kwa Kiingereza. Pale mapokezi dada aliyetuandikisha alikuwa mwepesi na makini, akaipokea Kadi yangu ya Taifa kwa mikono miwili, akanipa fomu ambayo nafasi ya kwanza baada ya jina ilidai namba ya pasipoti, kisha akatueleza kwa kirefu saa za kifungua kinywa, namna ya kuunganisha simu na intaneti, ghorofa ilipo sehemu ya masaji, na jinsi kadi ya chumba inavyofungua pia lifti. Mke wangu alikuwa akiitikia kwa kichwa muda wote, kama mtu anayesikiliza mahubiri. Mlango wa lifti ulipofunga, akaniuliza: "Amesema nini?"

Swali hilo aliniuliza mara nyingi katika siku zile, hata nikaacha kuhesabu.

Sipendi kuwa mwizi wa fadhila, kwa hiyo niseme waziwazi kwamba chumba kilikuwa kizuri kuliko chumba chochote tulichowahi kulala. Shuka zilikuwa nyeupe na zimenyooka kiasi kwamba mke wangu alisita kukaa kitandani akiwa na nguo za safari. Mapazia mazito yalifunguka yenyewe kwa kubonyeza kitufe, na kati ya majengo mawili marefu kikaonekana kipande cha bahari ambacho jioni kiligeuka rangi ya shaba. Kiyoyozi hakikuwa na mngurumo. Palikuwa na birika la umeme, chai na kahawa ya Tanzania, na maji ya kunywa katika chupa za kioo badala ya plastiki, jambo ambalo nililipenda. Usiku wa kwanza tulilala kama watu waliolipwa kulala. Kama barua hii ingekuwa ya kupima godoro, ningeandika sentensi moja ya pongezi na kunyamaza.

Kisa cha chupa za bafuni nakieleza kwa ruhusa ya mhusika. Juu ya kirafu cha marumaru zilipangwa chupa nne ndogo, zote za umbo moja na rangi moja, na maandishi membamba ya Kiingereza yenye Kifaransa chini yake. Mke wangu aliingia kuoga nikiwa nimejinyoosha. Akachukua chupa moja, akajipaka kichwani, akasugua akisubiri povu, povu lisije, akaongeza. Alitoka baada ya muda mrefu, nywele zikiteleza kama zimepakwa samli, akaninyooshea chupa: ilikuwa losheni ya mwili. Tulicheka hadi machozi, naye hata sasa humsimulia kila anayekuja nyumbani. Lakini alipomaliza kucheka alisema jambo ambalo sikulipata jibu. Alisema shampuu ya buku mbili ya dukani kwa jirani yetu Kizota ina maelezo ya Kiswahili ubavuni.

Kilichonikera kweli kilikuwa nyuma ya mlango. Kule kulibandikwa ramani ya ghorofa na maelekezo ya kufuata moto ukitokea, mistari minane hivi, yote kwa Kiingereza. Mhariri, mtu aliyefanya kazi ya reli ana ugonjwa wa kusoma matangazo ya hatari popote aendapo, na mimi nilifundishwa na wakubwa zangu wa kazi kwamba tangazo la hatari huandikwa kwa lugha ya atakayepatwa na hatari, si kwa lugha inayomfurahisha aliyeliandika. Nikajiuliza: ikiwa king'ora kitalia usiku nami nimeshuka chini kununua dawa, mama huyu atafanyaje? Lifti anaijua, ndiyo njia pekee aliyopandia. Ataikimbilia lifti, ilhali mstari wa tatu wa karatasi ile unamkataza.

Basi nikachukua kalamu ya hoteli na karatasi ya hoteli iliyokuwa karibu na simu, nikaandika: ukisikia king'ora, toka na ufunge mlango, usitumie lifti kabisa, pita kulia hadi mwisho wa korido, kuna mlango wa chuma wenye taa ya kijani, ndizo ngazi, moshi ukiwa mwingi, inama na utembee chini-chini, ukifika nje nenda uwanja wa maegesho ukasubiri kuhesabiwa. Kazi hiyo haikunichukua dakika kumi. Tukatoka pamoja hadi kwenye mlango wa chuma, tukausukuma, tukashuka ghorofa moja na kurudi, mhudumu mmoja akitutazama kwa mshangao. Karatasi nikaiegemeza kwenye taa ya upande wake wa kitanda. Kesho yake, chumba kilipofanyiwa usafi, kila kitu kilikuwa kimepangwa upya isipokuwa karatasi ile. Aliyesafisha alikuwa ameinyoosha kona iliyojikunja na kuirudisha palepale kwenye taa. Nadhani aliisoma.

Asubuhi ya kwanza tuliteremka kwenye kifungua kinywa. Meza zilikuwa na kila kitu: mikate ya aina nisizozijua majina, jibini, matunda yaliyokatwa kama maua, asali ikichuruzika kutoka kwenye sega lake. Pembeni kabisa, karibu na mlango wa jikoni, palikuwa na meza ndogo yenye mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, maharage ya nazi, vitumbua, na uji wa ulezi ndani ya chungu cha kupendeza. Juu yake kulikuwa na kibao cha Kiingereza ambacho maana yake ni "Kona ya Kiafrika". Nilisimama mbele ya kibao hicho kwa muda, sahani mkononi. Ningekiona katika hoteli ya London nisingeshangaa. Hapa tulipo Afrika ni bara zima na bahari inayoonekana dirishani, iweje ipewe kona? Na vile vitumbua, ambavyo havihitaji utambulisho mbele ya mtoto yeyote wa Pwani, vilikuwa vimebatizwa kwa maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya vijikeki vya mchele na nazi. Jioni yake tulikuta samaki wa kupaka naye amepoteza jina lake kwenye menyu. Nilimtambua kwa kusoma viungo, kama polisi anayemtambua mtu kwa alama za vidole. Sina ubishi na mgeni kuelezwa ni kitu gani anachokila, lakini maelezo hayo yangeweza kuandikwa chini ya jina, nalo jina likabaki. Waitaliano hawajabadili jina la piza yao kwa ajili yetu, na sote tunaila.

Kwenye kona nyingine alisimama mpishi wa mayai, kijana mwenye kofia ndefu, akiwakaangia wageni mmoja mmoja. Mke wangu akanitangulia. Kijana akamuuliza kwa Kiingereza analitakaje yai lake. Yeye, ambaye kufikia hapo alishaamua kwamba hatasubiri tena kutafsiriwa, akamjibu kwa sauti ya sokoni: "Mwanangu, nikaangie mawili, yasivunjike viini, na pilipili hoho uweke." Kijana akasita, kijiko hewani. Akatazama kushoto na kulia, akainama kidogo kuelekea kwake, na kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri, akasema: "Shikamoo mama."

Marahaba hiyo ilisikika meza tatu. Baada ya hapo yalikuwa mazungumzo. Kijana alikuwa mwenyeji wa Kondoa, jirani kabisa; akatuuliza habari za mvua, akatuambia chuoni walifundishwa sentensi zote za kumpokea mgeni kwa Kiingereza peke yake, na kwamba kazini wameelekezwa kuanza kwa Kiingereza na kila mgeni, wakibadili pale tu mgeni anapoonyesha kukwama. Nikamuuliza, je, mtu ataonyeshaje kwamba amekwama? Akacheka, akasema wengi huwa hawaonyeshi, huitikia kwa kichwa tu. Nikamkumbuka mke wangu pale mapokezi.

Siku ile nikaanza kusikiliza. Jikoni, kila mlango ulipofunguka, kilisikika Kiswahili. Wasafishaji wakiitana koridoni, Kiswahili. Msimamizi akimgombeza mhudumu aliyeangusha trei, Kiswahili safi kabisa, chenye methali. Getini, kama nilivyoeleza, Kiswahili. Basi lugha hii ndani ya jengo lile inafaa kuhojia, kugombezea na kubebea ndoo. Mtu anapotakiwa kukaribishwa, kuonyeshwa chumba na kuulizwa kama amelala vizuri, hapo inafichwa kama jamaa wa shamba aliyefika siku ya harusi. Hii ndiyo sababu ya kuandika kwangu, na kama mhariri atalazimika kuipunguza barua hii, ninaomba aya hii isalimike.

Najua jibu litakalotolewa na wenye hoteli: wageni wetu ni wa kimataifa. Nililifikiria jibu hilo nikiwa palepale, nikaamua kuwatazama hao wageni wenyewe. Asubuhi ya pili, siku ya kazi, theluthi mbili ya meza, kwa kukadiria kwa macho, zilikaliwa na Watanzania wenye vitambulisho vya warsha shingoni, wakizungumza wao kwa wao Kiswahili na kuagiza supu kwa Kiingereza. Bila warsha, semina na mikutano ya watu hawa sidhani kama ghorofa mbili za hoteli ile zingejaa kati ya Jumatatu na Ijumaa. Kisha, ndani ya lifti, nikakutana na mgeni wa kimataifa hasa. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, amekuja kufuatilia makontena yake bandarini, kama wafanyavyo Wakongo wengi ambao mizigo yao hupitia Dar es Salaam. Aliponisikia nikizungumza na mke wangu alifurahi kama aliyeokota ndugu. "Baba, mu chumba yangu muko baridi sana," akaniambia, "nawaambia, hawanisikie." Kiingereza hana. Ana Kifaransa, Kiluba na Kiswahili chake cha Katanga, na kwa siku tatu alikuwa akipewa maelekezo ya kiyoyozi kwa lugha asiyoijua na watu ambao lugha yao anaijua. Nikaenda naye mapokezi. Tatizo lake lilimalizwa katika dakika mbili, kwa Kiswahili, na dada yule wa mapokezi alionekana amepumua kuliko hata mgeni.

Hao wanaotoka Ulaya na Marekani nao, kwa kadiri nilivyowaona, hawakimbii Kiswahili. Wananunua. Katika duka la zawadi pale chini, lugha yetu ilikuwa imetawala rafu nzima: fulana zilizoandikwa Hakuna Matata, vikombe vya Pole Pole, kofia za Karibu Tanzania. Nikamwonyesha mke wangu. Akasema: "Kumbe kipo, ila kinauzwa."

Jambo jingine lililonifanya niamini kwamba uzembe huu unaweza kurekebishwa ni fedha. Tangu tarehe 28 Machi 2025 zilipoanza kutumika kanuni za matumizi ya fedha za kigeni, bei za bidhaa na huduma hapa nchini zinapaswa kutajwa na kulipwa kwa shilingi. Niliyaona matokeo yake kwa macho: menyu ya chakula ilikuwa ya shilingi, orodha ya kufuliwa nguo ilikuwa ya shilingi, na hata kadi ya masaji, ambayo kijana wa mizigo alinidokezea kuwa zamani ilikuwa ya dola tupu, ilikuwa imechapwa upya. Birika la chai tuliloletewa chumbani liliandikwa Sh 18,000, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikiwa ndani yake. Bei ilinishtua, lakini angalau nilishtuka kwa fedha yangu. Sasa, ikiwa kadi zote hizo ziliweza kupelekwa tena kwa mchapaji ili dola itoke na shilingi iingie, ni nini kilichozuia, katika safari hiyohiyo ya kwenda kwa mchapaji, kuongeza mstari mmoja wa Kiswahili juu ya ule wa Kiingereza? Karatasi ilikuwa ileile na wino uleule.

Wala haiwezi kusemwa kwamba nchi haijatoa mwelekeo. Ni tangu Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Mzee Rashidi Kawawa, alipoagiza shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Bunge likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Agosti 2019, wakuu wa nchi za SADC walikutana Dar es Salaam na kukipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Novemba 2021 UNESCO wakaitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika wakakipokea kuwa lugha yao ya kazi. Wajumbe wa mkutano ule wa 2019 walilala katika hoteli za jiji hilihili. Napenda kuwaza kwamba mmoja wao, mgeni wa kutoka kusini, alirudi chumbani jioni baada ya kupiga makofi ukumbini, akageuza chumba kizima akitafuta neno moja la lugha aliyoipitisha mchana, asilipate.

Sitaki kueleweka kwamba nataka Kiingereza kifukuzwe hotelini. Mgeni kutoka Japani au Ujerumani anakihitaji, na vijana wetu wakikijua vizuri ni faida yao; binti aliyetuletea rosela alikizungumza kwa ufasaha ulionifurahisha kama mzazi. Wala sidai kila mgeni apigiwe shikamoo, maana najua salamu hiyo ina mitego yake, na wapo akina mama wa miaka arobaini ambao ukiwaamkia hivyo hotelini watadhani umewazeesha. "Karibuni, habari za safari" inamtosha mtu wa umri wowote. Mgeni akionyesha hakielewi, kijana abadili. Itakuwa yeye amekwama kwa sekunde moja, badala ya mwenyeji kukwama siku mbili. Mashine za benki za kutolea fedha zimekuwa zikituuliza kwa miaka mingi tunataka lugha gani kabla ya kutupa noti zetu. Menyu ya M-Pesa ina Kiswahili, na mke wangu hutuma na kupokea mamilioni ya mauzo ya karanga bila kunihitaji. Siamini kwamba binadamu aliyesomea ukarimu anashindwa na mashine.

Hoteli zetu hupangiwa nyota kwa vigezo vya pamoja vya nchi za Afrika Mashariki, na wakaguzi hupita kuangalia vyumba, bafu, jiko na usalama. Ningewaomba wahusika katika wizara yenye dhamana ya utalii waanze na lile la nyuma ya mlango, yaani maelekezo ya moto, kwa kuwa hilo si suala la heshima wala utamaduni bali la nani atatoka hai. Chupa za bafuni zinaweza kungoja. Mke wangu ameshazijua.

Asubuhi ya kuondoka tulikuta kadi ya maoni juu ya mto, ya Kiingereza kama kawaida. Niliijaza pande zote mbili, kwa Kiswahili, nikaeleza habari ya kitanda, habari ya mpishi wa mayai, ambaye sikumtaja kwa namna ya kumletea matatizo, na habari ya karatasi ya moto kwa mistari sita. Karatasi yangu ya kwenye taa niliiacha. Baada ya wiki mbili likaja jibu kwenye barua pepe ya binti yetu, naye akalichapa na kutuletea. Lilikuwa refu na la adabu. Lilitushukuru kwa kuichagua hoteli hiyo, likasema maoni yetu ni ya thamani kubwa kwao, likatukaribisha tena kwa punguzo la asilimia kumi. Lilikuwa kwa Kiingereza.

Mke wangu alikuwa akichambua karanga uani. Alisubiri nimalize kusoma, kisha akauliza: "Wamesema nini?"

Nikamtafsiria.

"Na ya moto?"

Nikalisoma tena kutoka juu hadi chini. Ya moto haikuwamo.

Wako,
Mstaafu wa reli,
Kizota, Dodoma